Kwa nini kola iliyonyooka Ijumaa hupinda Jumatatu: uzi kuhusu majaribio ya kujifunza kazi za mikono

Mwalimu wa Cherehani

Wanajukwaa, habari za leo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha vijana ushonaji, na kwa muda mrefu nilipanga masomo kama nilivyopangiwa mimi mwenyewe nilipokuwa mwanagenzi: wiki ya kwanza kola tu, wiki ya pili zipu tu, wiki ya tatu mfuko wa suruali. Kila Ijumaa nilipokagua kazi za wiki nzima niliridhika, kwa sababu kola ya mwisho ilikuwa imenyooka kuliko ya kwanza, na kijana aliyeishona alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuelewa. Wiki ya nne nilipowapa shati zima, kola zilipinda kana kwamba hawajawahi kuzigusa. Niliwalaumu kwa uzembe, na wengine niliwaambia maneno ambayo leo nayajutia.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu nimekuja kujua kwamba kosa halikuwa lao. Jambo hili limepimwa katika maabara za saikolojia kwa zaidi ya miaka 40, na wanaolichunguza hutenganisha vitu viwili ambavyo sisi wakufunzi tunavichanganya kila siku. Kimoja ni utendaji, yaani jinsi mtu anavyofanya kazi wakati huu, akiwa na vifaa vile vile mbele yake na akiwa ametoka kufanya jambo lile lile dakika moja iliyopita. Cha pili ni kujifunza kwenyewe, yaani badiliko linalobaki ndani ya mtu baada ya siku kupita. Utendaji tunauona kwa macho. Kujifunza hatukuoni mpaka tumrudie mtu siku nyingine na kumpima upya, na kisa cha kustaajabisha ni kwamba mara nyingi kinachoupandisha utendaji wa leo ndicho kinachopunguza kitakachobaki kesho.

Jaribio lililonifungua macho lilichapishwa mwaka 1979 na John Shea na Robyn Morgan, wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani. Mshiriki alikaa mbele ya ubao wenye vizuizi vidogo vya mbao. Taa ya rangi ilipowaka, alitakiwa auchukue mpira wa tenisi, aangushe vizuizi kwa mpangilio unaolingana na rangi ile, kisha auweke mpira mahali pake, haraka iwezekanavyo. Mipangilio ilikuwa mitatu, na kila mshiriki alifanya mazoezi mara 54, yaani mara 18 kwa kila mpangilio. Makundi yote mawili yalipata idadi ile ile ya mazoezi. Kilichotofautiana ni utaratibu tu. Kundi la kwanza lilimaliza mara zote 18 za mpangilio mmoja ndipo likahamia mwingine, kama nilivyokuwa nikiwafanyia vijana wangu. Kundi la pili lilichanganyiwa, hivyo mtu hakujua ni rangi gani itakayofuata.

Wakati wa mazoezi kundi la mfululizo lilikuwa na kasi zaidi, na mkufunzi yeyote aliyesimama chumbani angesema kuwa hao ndio wanaofundishika. Kisha watafiti wakawapima tena, baadhi baada ya dakika 10 na baadhi baada ya siku 10. Walioshughulikia mazoezi yaliyochanganywa walifanya vizuri, wapimwe kwa utaratibu wa mfululizo au wa mchanganyiko. Waliozoezwa kwa mfululizo walijitetea kiasi walipopimwa kwa mfululizo, lakini walipopimwa kwa mchanganyiko walianguka vibaya sana. Nilipofika hapo nililiona lile shati la wiki ya nne, kwa maana shati ni kipimo cha mchanganyiko: kola, kisha mkono, kisha pindo, kisha tundu za vifungo, na hakuna sehemu inayokungoja uizoee.

Maelezo ya sababu yako ya aina mbili, na sioni kwamba yanapingana. Wapo wanaosema kwamba mtu anayechanganyiwa kazi huzilinganisha akilini, akatambua kola inatofautiana na zipu mahali gani, na kwa hiyo kila moja inapata alama zake za kukumbukwa. Wengine, hasa Timothy Lee na Richard Magill, walieleza kwamba kazi ya pili inapoingia, mpango wa kazi ya kwanza unasahaulika, na mtu akirudi kwake analazimika kuujenga upya tangu mwanzo. Huko kuujenga upya ndiko mazoezi yenyewe. Anayerudia kola mara 18 hujenga mpango mara moja, na zile 17 zinazofuata anautumia tu ukiwa bado una joto.

Naomba wenye uzoefu wa kufundisha kazi nyingine wachangie.

Kocha wa Mtaa

Mwalimu, nashukuru kwa somo. Mimi nafundisha watoto mpira wa miguu jioni, na nina mashaka mawili. La kwanza, kuangusha vijiti mezani ni jambo dogo sana ukilinganisha na mchezo ambamo mwili mzima unakimbia na kuna adui mbele yako. La pili, nilipowahi kuwachanganyia watoto wa miaka saba pasi, kichwa na kupiga chenga katika zoezi moja, walivurugika kabisa na wawili wakalia. Je, nao walikuwa wakijifunza?

Mwalimu wa Cherehani

Ndugu Kocha, mashaka yako yote mawili yana msingi, na nitayajibu kwa kuyatenganisha.

Kuhusu michezo halisi, mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill waliwafundisha wanawake wa chuo, wasio wazoefu, aina tatu za kuanzisha mpira katika badminton, na waliochanganyiwa aina hizo ndio waliofanya vizuri zaidi walipopimwa baadaye, hata walipotakiwa kuanzisha kutoka upande wa uwanja ambao hawakuufanyia mazoezi. Mwaka 1994 Hall, Domingues na Cavazos walikwenda kwa wachezaji wa besiboli wa chuo waliokwisha kuujua mchezo. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6, wachezaji hao waliongezewa mipira 45 ya kupiga: 15 ya kasi, 15 ya kupinda na 15 ya kudanganya kwa kupunguza mwendo. Kundi moja lilirushiwa aina kwa aina, kundi jingine lilirushiwa bila mpangilio, na kundi la tatu halikupewa nyongeza yoyote. Kipimo cha mwisho cha mipira isiyotabirika, kama ilivyo kwenye mchezo wenyewe, kilionyesha kundi la mchanganyiko limepanda kwa asilimia 56.7, la aina kwa aina kwa asilimia 24.8, na lile lisilo na nyongeza kwa asilimia 6.2. Idadi ya mipira ilikuwa ile ile.

Hata hivyo sitaki kukuuzia dawa ya kila ugonjwa. Utafiti uliokuja kukusanya matokeo ya majaribio mengi umeonyesha kwamba tofauti hii ni kubwa maabarani na hupungua uwanjani, na kwa watoto na wanaoanza kabisa mara nyingine haionekani. Mark Guadagnoli na Timothy Lee walipendekeza mwaka 2004 kwamba ugumu wa zoezi upimwe kulingana na aliye mbele yako: ugumu unaompa mzoefu kitu cha kufikiria unaweza kumzamisha mgeni, ambaye bado hajui hata mguu auweke wapi. Kwa hiyo watoto wako wawili waliolia hawakuwa wakijifunza kwa siri. Kwanza waache waipate sura ya pasi, kisha uchanganye kidogo kidogo.

Na kuna jambo jepesi zaidi kwa watoto. Mwaka 1978 Kerr na Booth waliwapa watoto wa miaka 8 kazi ya kurusha kifuko cha maharage kwenye shabaha bila kuona kinapoangukia. Baadhi walijizoeza kwa umbali wa futi 3 pekee. Wengine walijizoeza kwa futi 2 na futi 4, wala hawakuigusa kamwe ile ya 3. Walipopimwa wote kwa futi 3, walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kurusha kwa umbali huo. Huu ulikuwa ushahidi uliolingana na nadharia ya Richard Schmidt ya mwaka 1975, kwamba tunachohifadhi ni kanuni inayounganisha nguvu ya mkono na umbali wa shabaha, si picha ya mrusho mmoja. Kanuni haiwezi kujengwa kutokana na mfano mmoja. Kwa mpira wako, pasi ile ile ya umbali tofauti ni mchanganyiko ambao hata mtoto wa miaka saba anaumudu.

Binti wa Kinanda

Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya kujifunza kupiga chapa kwa vidole vyote bila kuangalia, na nina mwezi mmoja kabla ya usaili. Nimepanga kukaa saa nne kila siku. Je, majaribio haya yanasema lolote kuhusu saa?

Mwalimu wa Cherehani

Marahaba, binti yangu. Yanasema, na bahati nzuri yanasema kuhusu kinanda hasa.

Posta ya Uingereza ilipotaka wafanyakazi wake waweze kuingiza alama za anwani kwa kinanda ili barua zipangwe na mashine, Alan Baddeley na D. J. A. Longman walipewa nafasi ya kulinganisha ratiba nne za mafunzo, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Kundi moja lilifanya saa 1 kwa siku. La pili lilifanya vipindi viwili vya saa 1, la tatu kipindi kimoja cha saa 2, na la nne vipindi viwili vya saa 2, yaani saa 4 kama ulivyopanga wewe. Kundi la saa 1 lilihitaji wastani wa saa 35 hivi kukijua kinanda, na kundi la saa 4 lilihitaji takribani saa 50. Baada ya hapo pia, saa moja ya mazoezi ilizaa zaidi kwa waliosambaziwa kuliko kwa waliorundikiwa.

Sasa piga hesabu upande wa pili, maana wengi wanaoutaja utafiti huu huiacha. Saa 35 kwa saa 1 kila siku ni siku 35 za kazi, ambazo ni wiki saba. Saa 50 kwa saa 4 kila siku ni siku 13 hivi. Aliyerundika alipoteza saa nyingi lakini aliwahi kwenye kalenda, na ndiyo sababu walioridhika kidogo kuliko wote na ratiba yao walikuwa wale wa saa 1, ambao kwa kipimo cha saa ndio waliofaidika zaidi: waliwaona wenzao wakiwatangulia. Kwa mwezi mmoja ulio nao, saa 1 peke yake haitoshi. Ningekushauri saa 2 zilizogawanywa asubuhi na jioni, uziongeze ukiona usaili unakaribia, na usivunjike moyo kwa kujilinganisha na jirani anayekaa kutwa.

Fizio

Naomba niongeze, kwa kuwa kazi yangu ni kuwarudishia watu matumizi ya mikono na miguu baada ya kiharusi, na mambo mawili kuhusu kujifunza kwa mwili yamebadilisha namna ninavyokaa na mgonjwa.

La kwanza ni kwamba mkono una kumbukumbu ambayo mwenyewe anaweza asiwe na habari nayo. Mwaka 1953 kijana wa Kimarekani, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi H.M. tu na ambaye baada ya kifo chake mwaka 2008 dunia ikamjua kwa jina la Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa ubongo kwa ajili ya kifafa. Alipoamka hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora ndani ya mistari miwili ya nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi ambayo mtu yeyote huanza nayo kwa kukwaruza nje ya mistari. Kwa siku tatu alifanya kazi hiyo, na makosa yalipungua siku hadi siku, akianzia kila asubuhi karibu na pale alipoishia jana. Lakini kila siku hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya. Matokeo hayo, yaliyotangazwa mwaka 1962, ndiyo yaliyowaonyesha watafiti kwamba ujuzi wa viungo huhifadhiwa kwa njia tofauti na kumbukumbu ya matukio. Mgonjwa wangu anaponiambia hakumbuki tulichofanya juzi, simkatii tamaa. Nampa kikombe akishike.

La pili ni mrejesho, yaani taarifa tunayompa mtu kuhusu alichofanya. Mwaka 1932 Trowbridge na Cason waliwataka watu waliofungwa macho wachore mistari ya inchi 3. Waliobahatika kuambiwa kiasi hasa walichokosea walifanya vizuri kuliko walioambiwa tu umepata au umekosa, na wote hao waliwapita wasioambiwa kitu. Kwa hiyo kwa miongo mingi iliaminika kwamba kadiri mtu anavyoambiwa zaidi ndivyo anavyojifunza zaidi. Kisha mwaka 1990 Carolee Winstein na Richard Schmidt wakawazoeza watu kusogeza wenzo kwa mwendo maalumu, baadhi wakipewa mrejesho kila mara na baadhi nusu ya mara, ukipunguzwa hatua kwa hatua. Wakati wa mazoezi makundi hayakupishana sana. Siku iliyofuata, bila mrejesho wowote, waliopewa nusu walikuwa bora. Anayeambiwa kila mara huegemea sauti ya mkufunzi, akaacha kuusikiliza mkono wake. Nilikuwa nikisema nyoosha, sawa, nyoosha, sawa, bila kupumua. Siku hizi mgonjwa anajaribu mara tatu au nne nikiwa kimya, na kabla sijasema namuuliza yeye ameonaje.

Mwalimu wa Cherehani

Daktari, Mungu akubariki kwa mchango huu. Kimya ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyojaribu, kwa sababu mzazi akipita dirishani akaniona nimenyamaza huku mwanawe anakosea, huona sistahili ada anayolipa.

Mjukuu wa Fundi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, wala si mkufunzi, na nina swali moja. Kama mfululizo unadanganya, kwa nini sisi wenyewe tunaojifunza hatutambui? Mtu si anajijua?

Mwalimu wa Cherehani

Marahaba, mjukuu wangu. Swali lako ndilo kiini cha uzi huu, na lilipimwa moja kwa moja. Dominic Simon na Robert Bjork walichapisha mwaka 2001 jaribio ambalo watu walijifunza kubonyeza tarakimu kwa mpangilio na kwa muda uliowekwa, baadhi kwa mfululizo, wengine kwa mchanganyiko. Katikati ya mazoezi waliulizwa: unadhani kesho utafanyaje? Wa mfululizo walijitabiria mema. Wa mchanganyiko walijitabiria hafifu. Kesho yake mambo yakawa kinyume. Walikuwa wanaupima wepesi waliousikia mikononi wakati ule, na wepesi ule ulitokana na kurudia tu, haukuwa dalili ya kitu kitakachobaki.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni pale unapoona hupandi kabisa. William Lowe Bryan na Noble Harter, wa Indiana, waliwafuatilia wanaojifunza telegrafu, yaani kutuma na kupokea ujumbe kwa waya kwa milio mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi, na kuchapisha kazi zao mwaka 1897 na 1899. Waliona kwamba uwezo wa kutuma ulipanda bila kusita, ilhali uwezo wa kupokea kwa masikio ulipanda, ukasimama kwa wiki kadhaa, kisha ukapanda tena. Wakaeleza kwamba katika kipindi cha kusimama mwanafunzi anazizoea herufi mpaka zisimhitaji tena, ndipo anaanza kusikia maneno mazima. Maelezo haya yalipendwa mno, hata yakafundishwa kama sheria. Lakini mwaka 1958 Fred Keller, aliyekuwa amewafundisha watu wengi alama hizo, ziitwazo alama za Morse, aliandika kwamba kusimama huko ni mzuka, kwa kuwa katika mafunzo yaliyopangwa vizuri hakuonekani. Nayaweka yote mawili hapa kwa makusudi. Ukisimama, huenda unakusanya nguvu, na huenda pia mkufunzi wako amepanga vibaya. Usijiharakishe kusema huna kipaji.

Kocha wa Mtaa

Mwalimu, nimeridhika na ule mfano wa futi 2 na futi 4, na kesho koni zangu zitapangwa kwa umbali tofauti. Bado nataka kujua wewe umebadilisha nini darasani, tena kwa vitendo.

Mwalimu wa Cherehani

Wiki ya kwanza bado ni ya kola peke yake, kwa siku mbili tu, mpaka kijana ajue kitambaa cha ndani kinakaa wapi na mshono unaanzia pembe ipi. Kuanzia siku ya tatu naweka vipande mezani vimechanganywa: kola, zipu, mfuko, kola tena, na asiyemaliza kimoja haendi kingine. Kazi za siku hizo ni mbaya kuliko zile nilizokuwa nikizionyesha zamani, na nimewaeleza wazazi mapema ili wasishtuke.

Zaidi ya hapo nimebadilisha siku ya kukagua. Alama za Ijumaa sizihesabu tena. Naandika kwenye daftari kola ya kwanza ya Jumatatu asubuhi, ile inayoshonwa kabla sijasema neno na kabla mtu hajapasha mikono. Mwanzoni vijana waliona ni uonevu. Juma lililopita mmoja wao, aliyekuwa wa mwisho kila Ijumaa, aliweka mezani kola ya Jumatatu ambayo sikuhitaji kuipiga pasi ili nione kama imenyooka.